Amplifaya ya Mzee Mihayo

Mwezi uliopita tulikuwa msibani kwa jirani yangu hapa Tangini. Wali umeiva, watu wana njaa, mara akaingia mama mmoja wa Kinyamwezi, akachukua upawa na mfuniko wa sufuria kubwa, akaketi navyo mlangoni, akasema leo hali mtu mpaka alipwe. Sisi wa rika letu tukaanza kucheka huku tunafungua pindo za kanga kutafuta chochote. Lakini mtoto mmoja wa marehemu, kijana msomi, akasimama amekunja uso, simu mkononi, anasema anaita polisi. Nikamshika mkono. "Mwanangu, kaa chini. Huyo mtani wenu."

"Mtani ndiyo nani, Mama?"

Nilimjibu kwa kifupi tu, lakini niliporudi nyumbani nikawa nachambua mchele nacheka, nachambua nacheka, mpaka binti yangu akaja kuchungulia kama niko sawa. Nilikuwa nimemkumbuka kaka yangu Kondo na ile amplifaya.

Kwetu ni Dutumi, ndani ndani ukishaiacha Mlandizi. Kaka Kondo wakati huo ndevu ndiyo kwanza zinamtafuta, mimi naenda madrasa na meno ya mbele sina. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta na ubao, nyuzi zake waya za breki ya baiskeli. Baba alikuja kujua waya zimetoka wapi siku aliyoteremka mlima wa Ruvu bila kupenda, akaishia kwenye shamba la mihogo la watu. Baadaye Kondo akapata gitaa la kweli, la umeme, kwa fundi mmoja wa Mlandizi, baada ya kumfyatulia matofali msimu mzima. Gitaa la umeme halisemi bila amplifaya, na amplifaya hakuwa nayo. Akaliunganisha kwenye redio kuukuu ya Baba, ile ya kisanduku cha mbao.

Mpaka leo nikisikia harufu ya betri iliyopata jua, ile harufu ya kutu na chumvi, namwona Kondo. Betri za redio zikichoka tulizianika kwenye ungo juu ya paa la banda, kama tunavyoanika korosho, na mimi ndiye mlinzi. Niliamini kabisa kwamba betri zinakula jua, na zisiposhiba zinanuna. Jioni Kondo anazitia kwenye redio, anapiga gitaa, na redio inatoa sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Yeye anafumba macho, anatikisa kichwa, ungedhani dunia nzima inamsikia. Sisi tuliokaa naye mkeka mmoja tunasikia kwa shida.

Bibi yetu, mama yake Baba, hakulipenda lile gitaa hata kidogo. Bibi alikuwa mtu wa swala, tasbihi haitoki mkononi, na kama ilivyo kwetu, mjukuu wa kiume alimwita mume wake na mimi akaniita mke mwenzie. "Mke mwenzangu," ananiambia, na Kondo yuko hapo hapo anasikia, "mume wetu huyu tumepata hasara. Wenzake wana mashamba, yeye ana debe la shetani. Tutakula nini mimi na wewe?"

"Mtakula muziki, Bibi."

"Kaule wewe kwanza, nikuone unavyonenepa."

Kijiji kilikuwa na kikundi cha vijana. Siku za kazi wanalima shamba la kijiji, Jumamosi wanapiga ngoma na kuimba, na mavuno yakiisha huwa kuna sherehe, wageni wanakuja kutoka wilayani. Mwaka ule kiongozi wa kikundi akamwita Kondo mbele ya wenzake. "Kondo, tusidanganyane. Ngoma zikilia, wewe tunakuona vidole tu. Ukipata amplifaya ya maana kabla ya sherehe, unapiga gitaa. Ukikosa, utashika manyanga."

Mnayajua manyanga. Ni yale makopo yenye mbegu ndani ya kutikisa. Kwenye kikundi chetu alipewa mtu ambaye hajui kupiga, hajui kuimba, na mama yake ni rafiki wa mwenyekiti. Kondo alirudi nyumbani siku ile hakugusa ugali.

Amplifaya ya maana ilikuwa moja tu, na ilikuwa Kisarawe, kwa Mzee Mihayo. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani zamani akakaa, anashona nguo barazani kwake, lakini ujanani alikuwa na bendi. Bendi ilishakufa, vyombo vimekwenda na wenyewe, kikabaki kitu kimoja: sanduku kubwa jeusi lenye spika ndani, linalotumia betri ya gari. Kila senti aliyopata Kondo ilikuwa ya sanduku lile. Alichoma mkaa akalala kando ya tanuri, akaamka mkaa umekuwa jivu. Akabangua korosho za watu mpaka vidole vikababuka kwa utomvu. Kila akipata kitu anapanda lori la ushirika kwenda Kisarawe, na kila akirudi amenywea kuliko alivyoondoka.

"Amesemaje?" namuuliza.

"Anasema nimpigie kwanza anisikie. Nikimpigia, anashusha miwani, anashusha pumzi, anapandisha bei."

Safari ya mwisho akamwambia, "Mwanangu, hii thamani yake ng'ombe jike mwenye mimba. Chini ya hapo simpi hata wa tumbo langu." Ng'ombe. Sisi ambao nyumbani mnyama wetu mkubwa alikuwa mbuzi mmoja, naye mgonjwa.

Sasa, siku hiyo hiyo jioni Baba alikuwa anamenya mihogo, akataka kumchekesha Kondo kidogo. Akasema, "Mihayo si mtani wetu huyo? Ombeni Mungu asije akafiwa. Akifiwa, Wazaramo tunakwenda tunabeba hata nyumba, na hana ruhusa ya kununa."

"Hata nyumba, Baba?" nikauliza.

"Hata nyumba. Mtani akichukua kitu msibani, mwenyewe hakasiriki."

Hapo Mama akaniita nikafukuze kuku kwenye mpunga, na yale maneno mengine sikuyasikia. Sikusikia kwamba kilichochukuliwa kinakombolewa, kwamba mwenye kitu analipa kidogo, anarudishiwa, watu wanacheka, msiba unapungua uzito. Mimi nilisikia kuchukua tu. Na kwa kuwa Baba alilisema kwa sauti ile ile anayosomea dua, nililiweka pamoja na mambo ya dini. Kwenye kichwa changu kulikuwa na shahada, swala, zaka, funga, hija, na mali ya Mnyamwezi.

Basi nikaanza kungoja. Kila mtu akitoka Kisarawe, mimi wa kwanza kumpokea mzigo. "Shikamoo. Mzee Mihayo hajambo?"

"Marahaba, hajambo."

"Na watu wa kwake, wazima wote?"

"Wazima."

"Na yule kaka yake mkubwa, asiyeona?"

"Mzima kabisa, anakula vizuri."

"Alhamdulillahi," nasema, kinyonge.

Mama alifurahi mno. Alizunguka kwa majirani akisema huyu mtoto sijui kapewa na nani adabu hii, anaulizia wazee wa watu asiowajua. Mwalimu wa madrasa akanitaja mbele ya wenzangu.

Yule mzee asiyeona akafariki kweli, Mwenyezi Mungu amrehemu, uzee tu, bila maumivu. Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari. Bibi akainuka pale pale akafunga kanga mbili na kuchukua bakora yake, maana utani ulikuwa kazi yake. Kuanzia Magindu mpaka Maneromango hapakuwa na Mnyamwezi aliyefiwa asimwone Bibi. Mimi nikalia kutaka kwenda. Baba akakataa, msiba si pa watoto. Bibi akasema, "Mwache mke mwenzangu aje. Mimi nikifa, nani atawatania hawa watu?" Tukapanda lori, Baba, Bibi, Kondo na mimi, tumekaa juu ya magunia ya korosho.

Tulipofika, Baba na Kondo wakaungana na wanaume kwenda kuchimba kaburi, kisha kuzika. Bibi akaingia kwa wanawake akalia nao sawasawa, machozi ya kweli. Lakini wanaume waliporudi kutoka makaburini na watu wakaanza kukaa kwenye mikeka, nikasikia wanawake wanapiga kelele za kicheko. Bibi alikuwa ametokea nyuma ya nyumba amevaa kofia ya marehemu na koti lake, macho kafumba, bakora inapapasa chini. "Mihayo," anaita kwa sauti ya puani kama ya marehemu, "ugoro wangu uko wapi? Umenificha ugoro mpaka nimekufa nao hamu." Binti wa marehemu, aliyekuwa amelia hana sauti, alicheka akajilaza kwenye mkeka. Bibi akapapasa mpaka kwenye sufuria ya wali, akaikalia.

Watu wote wameelekeza macho kule. Nikaingia ndani.

Chumba cha mbele kilikuwa hakina mtu. Sanduku lipo pembeni, kubwa kama sanduku la bibi harusi, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake jagi la maji na bilauri. Nikaliteremsha jagi kwa adabu, nikateremsha bilauri, nikapanda, nikakaa. Miguu haifiki chini. Nikangoja mtu aje nimchukulie kitu chake. Hakuja mtu. Nikasikia huko nje Bibi kashalipwa, kashainuka kwenye sufuria, sahani zinagongana, harufu ya wali inaingia mpaka ndani. Njaa ikaniuma vibaya, lakini nikajiambia nikishuka limerudi kuwa lao. Nikasoma Alhamdu, nikasoma Kulhuwallah, nikaanza tena.

Mwisho akaingia mama mmoja kutafuta sahani. "Wewe mtoto, shuka hapo. Hapo hapakaliwi."

"Mimi mtani," nikamwambia. "Nimechukua."

"Umechukua nini?"

"Hili."

Yule mama akatoka, akarudi na watu, chumba kikajaa. Akaja na Mzee Mihayo, mrefu, mwembamba, tepe ya kupimia nguo bado iko shingoni siku ya msiba. Nikamwamkia, maana adabu ni adabu. "Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia umeniibia."

"Sijaiba. Wewe umefiwa."

Watu wakacheka mpaka mwingine akashika ukuta. Bibi akapenya katikati yao, bado na kofia ya marehemu kichwani. Alipoona nimekalia nini, uso ulimbadilika. Lile si ndilo sanduku la shetani lenyewe, ambalo amelilaani asubuhi na jioni? Akaniinamia akaninong'oneza, "Shuka upesi, mke mwenzangu. Twende ukale."

"Sishuki, Bibi. Chetu hiki."

Hapo ndipo yule mama wa sahani alipoharibu mambo. Akasema kwa sauti, "Wazaramo wa siku hizi bwana. Wakubwa wameishiwa, wanatuma watoto. Sasa mtoto kabeba kitu kizito, wakubwa wanamwambia shusha."

Nilimwona Bibi anavyonyooka mgongo. Kama angeniteremsha pale, ingekuwa Wazaramo wameshindwa utani mbele ya Wanyamwezi, msibani, na habari ingefika Dutumi kabla yetu. Akavua kofia ya marehemu, akaivaa tena vizuri. "Nani kamwambia shusha? Nimemuuliza kama amekaa vizuri. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Sawa, mtani," Mzee Mihayo akasema, anacheka. "Nakomboa. Leteni kuku mmoja hapo nje, mpeni huyu kifaranga."

Nikashtuka. Kukomboa ndiyo nini tena? Lakini Bibi hakunipa nafasi. "Kuku? Mihayo, kitu hiki mume wangu Kondo alipokuja kukinunua, ulimtajia bei gani?"

Mzee akainama kuokota jagi.

"Waambie wenzio. Ulimtajia ng'ombe jike mwenye mimba. Sasa leo kitu kile kile kinakombolewa kwa kuku? Ama ni ng'ombe, ama ulikuwa unamdanganya yatima wa Mungu."

"Yatima gani, baba yake si huyo nje anakula wali wangu?"

"Usinitoe kwenye njia. Ng'ombe au muongo, chagua."

Watu wakageuka kumtazama yeye. Mzee akajikuna shingo, akaivuta ile tepe. Akisema ng'ombe, ng'ombe hana. Akisema kuku, bei yake ilikuwa ya uongo. "Basi," akasema, "sikomboi. Chukueni."

"Tunachukua," Bibi akasema. Na nina hakika kwamba katika chumba kile hakukuwa na mtu aliyekuwa hataki kulichukua lile sanduku kama yeye.

Kondo alikuwa ananawa udongo wa kaburini aliposikia. Alikuja mbio, lakini akafika kwanza kwa Mzee Mihayo, akasimama mbele yake mikono nyuma. Alimwambia ana chochote kidogo alichokusanya, apokee, yeye hakutaka kupata kitu kwa njia ile. Mzee akamkata. "Ukinilipa umenivunjia utani. Unataka watu waseme Mihayo kafanya biashara kwenye matanga ya kaka yake? Nenda nalo." Halafu akavitazama vidole vya Kondo, akatikisa kichwa. Bibi ndiye aliyelitoa sanduku mle ndani, kichwani kwake, hakukubali msaada, ili Wanyamwezi wote waone.

Siku ya sherehe ya mavuno uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Betri waliazima kwenye trekta la kijiji. Bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga kwenye muziki, alikuwa mstari wa mbele na kanga mpya. Alimwambia Mama kwamba anakwenda kulinda mali yake ya utani tu. Kondo akavaa shati lililopigwa pasi ya mkaa, akachomeka waya, akagusa uzi mmoja.

Sijasikia sauti kama ile mpaka leo. Kuku wa mwenyekiti waliruka ua. Mbuzi wakakata kamba. Watoto tukapiga vigelegele, na mimi nikawaangalia wenzangu, nikawaambia ni mimi niliyeichukua. Kisha wimbo ukaanza.

Wasomaji wangu, kwa miaka yote ile kaka yangu alikuwa anapiga gitaa, hakuna mtu aliyewahi kumsikia. Siku ile kijiji kizima kilimsikia kwa mara ya kwanza, na kikajua kwamba hajui. Vidole vilikuwa vinapanda na kushuka vizuri, macho yamefumbwa, kichwa kinatikisika, lakini kinachotoka pale ni ugomvi. Waimbaji wakaenda huku, gitaa likaenda kule, likarudi kuwatafuta likawakosa. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Kumbe muda wote ule alikuwa anatafuta pa kushika." Wimbo wa pili, mgeni rasmi akamwinamia mwenyekiti, akamuuliza kwa upole kama kijana bado anajaribisha vyombo. Wimbo wa tatu walimwomba Kondo apumzike, wakampa manyanga.

Aliyatikisa mpaka mwisho. Hilo nampa heshima yake. Lakini nyumbani alijifungia na hakula, na kesho yake akasema sanduku linarudi Kisarawe na yeye gitaa basi, atalima.

"Utalima nini?" Bibi akamwambia kupitia mlangoni. "Na kulima hujui. Fungua."

Hakufungua. Siku ya pili vilevile. Bibi akaja kukaa kizingitini na tasbihi yake, na mimi pembeni. Nilimsikia anavyomsemesha, siyo kwa utani, polepole. Alisema, mume wangu, mimi nilikuwa nakucheka kwa sababu nilidhani ni mchezo. Mchezo haumnyimi mtu chakula siku mbili. Toka, twende kwa Mnyamwezi.

Tukaenda, sanduku na sisi, kwenye lori lile lile. Mzee Mihayo alikuwa barazani kwenye cherehani. Akatuona tunateremka, hakuonyesha kushangaa. "Sijakomboa," akasema. "Mbona mnanirudishia?"

Bibi akakaa kwenye benchi la wateja. "Ulijua," akamwambia.

"Nilijua. Kila alipokuja nilimwambia apige. Nikimsikiliza, napandisha bei. Mtoto anapenda, vidole vyepesi, lakini hajafundishwa na mtu. Mtu ambaye hajajua, sauti ndogo ndiyo stara yake. Mimi nilikuwa namsitiri, mtani. Mmekuja nyinyi mmemvua nguo hadharani."

Bibi alizungusha tasbihi kama punje kumi, akamtazama Kondo aliyeinamisha kichwa, akanitazama na mimi. Mimi nikajificha nyuma ya sanduku.

"Basi komboa," mwisho akasema. "Ng'ombe sitaki, na kuku wako sitaki. Mfundishe. Siku atakayojua, siku hiyo umekomboa, unachukua sanduku lako. Asipojua, linakaa kwetu."

"Na nani atasema kwamba amejua?"

"Wewe si ndiye fundi? Utasema wewe."

Mzee Mihayo akaingiza uzi kwenye sindano, akaukata kwa meno. "Kijana," akamwambia Kondo, "unajua kutia vifungo?"

"Hapana, Mzee."

"Utaanzia hapo."

Ikawa hivyo. Kila Ijumaa baada ya swala Kondo anapanda lori, analala Kisarawe siku mbili, anatia vifungo mashati ya watu na jioni anafundishwa. Sanduku lilibaki Dutumi, chumbani kwa Bibi, na Bibi akaliwekea kitambaa. Mwanzoni Kondo alirudi na hadithi za kupigwa rula vidoleni. Baadaye akaacha kusimulia, akawa anakaa peke yake anarudia kitu kimoja, kitu kimoja, mpaka Mama anamwomba abadilishe japo kidogo. Halafu ukafika msimu ambao watu wakipita na majembe yao walisimama nje ya ua wetu, wanajifanya wanatoa mchanga kwenye viatu. Mavuno yaliyofuata alipiga yeye, na manyanga wakampa mwingine.

Mimi badala ya kufurahi nilikosa usingizi. Nilikuwa nimeyasikia masharti kwa masikio yangu, na safari hii niliyasikia yote: akijua, sanduku linaondoka. Nikamwita pembeni. "Kaka, ukienda Kisarawe uwe unakosea."

Akacheka. Lakini nadhani alijaribu, maana Jumapili moja alirudi akaniambia, "Nimekosea makusudi, mdogo wangu. Mzee kanitazama, kasema, 'Hata kukosea umeshakujua, sasa acha upuuzi.'" Tulijua siku si nyingi.

Basi Mzee Mihayo akaozesha mjukuu wake, akataka Kondo apige. Tulikwenda nyumba nzima, sanduku likapandishwa kwenye lori, na Kondo mwenyewe alilipangusa vumbi njia nzima kama mtu anayemsindikiza mgeni. Wakati wa alasiri akapiga. Sitawaeleza kwa maneno ya muziki maana siyajui. Nitasema tu kwamba wapishi waliacha majiko yao, na yule mama wa sahani, aliyetucheka msibani, alikuwa amesimama na karai la pilau kichwani amesahau kulitua.

Kondo alipomaliza alimwangalia mwalimu wake. Watu wote wakamwangalia, maana Kisarawe nzima ilikuwa inajua yale makubaliano. Yule mama wa sahani akamuuliza, "Enhe, Baba Mihayo. Kijana amejua au hajajua?"

Mzee alikuwa amefumba macho. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, taratibu, akaivaa. "Bado," akasema.

"Bado?"

"Mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto bado kabisa. Arudi Ijumaa."

Watu wakaguna. Kondo akainama akajifanya anakaza nyuzi. Bibi, ambaye hakuwa anajua mkono wa kushoto wa gitaa una kazi gani wala wa kulia, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Na mimi nilikuwa nausikia huo mkono," akasema. "Huu bado sana, Mnyamwezi. Huu wa miaka."

"Wa miaka," Mzee akakubali.

"Basi apige tena, tuuangalie." Na Bibi akainuka, akakunja mkeka wake, akaenda kuutandika karibu kabisa na spika.